Magonjwa ya nywele na ngozi ya kichwa katika wilaya za Ngara na Biharamulo

Magonjwa ya nywele na ngozi ya kichwa ni kundi la maradhi yanayosababisha nywele kunyonyoka au kukatika, pamoja na yale yanayoleta mwasho, magamba, vipele, usaha au makovu kichwani. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, maradhi hayo hutibiwa na wahudumu wa ngazi mbalimbali, kuanzia afisa tabibu wa zahanati hadi daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi katika hospitali za rufaa zilizo nje ya wilaya hizo.

Sehemu kubwa ya maradhi hayo hupona kwa matibabu ya karibu na nyumbani. Machache huharibu kabisa mizizi ya nywele yasipotibiwa mapema, na mengine ni dalili ya ugonjwa ulio mahali pengine mwilini. Kwa sababu hiyo kumpata mtaalamu anayefaa kuna uzito: safari ndefu isiyo ya lazima humaliza akiba ya familia, na kuchelewa kwa ugonjwa unaoacha kovu humwachia mgonjwa upara wa kudumu.

Eneo

Ngara inapakana na nchi za Rwanda na Burundi. Vituo vyake vya mpakani ni Rusumo na Kabanga. Biharamulo iko mashariki mwake, katika njia zinazoelekea Bukoba, Geita na Kahama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 320,056 katika Ngara na 323,486 katika Biharamulo. Wengi wao ni wakulima na wafugaji waishio vijijini, mbali na makao makuu ya wilaya.

Hospitali zinazofahamika zaidi ni Murgwanza, iliyo chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Kagera, na Rulenge, iliyo chini ya Kanisa Katoliki, zote katika Ngara. Pia Hospitali Teule ya Biharamulo, ambayo nayo ni ya Kanisa Katoliki. Hospitali teule ni hospitali ya shirika la dini ambayo serikali imeingia nayo mkataba ili itoe huduma za hospitali ya wilaya.

Jinsi nywele zinavyoota

Kichwa cha mtu mzima kina takriban nywele 100,000. Kila unywele huota katika kifuko kidogo ndani ya ngozi kinachoitwa kinyweleo. Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, husimama kwa muda, kisha hudondoka na mwingine huanza kuota mahali pake. Kwa wastani unywele huongezeka urefu wa sentimita 1 hivi kwa mwezi.

Kudondoka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Mtu aliyesuka kwa wiki kadhaa anapofumua huona nywele nyingi kwa mara moja kwa sababu zile zilizodondoka kila siku zilikuwa zimeshikwa ndani ya msuko. Hali hiyo peke yake si ugonjwa.

Madaktari hugawanya upotevu wa nywele katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni upotevu usio na kovu: kinyweleo kiko hai, na nywele zinaweza kurudi. Kundi la pili ni upotevu wenye kovu: kinyweleo kimekufa, ngozi imekuwa laini na yenye kung'aa, na vitundu vya nywele havionekani tena. Katika kundi hili matibabu huweza kuzuia ugonjwa usienee, lakini hayarudishi kilichopotea. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kuamua nani amtibu mgonjwa na kwa haraka gani.

Maradhi yanayoonekana mara nyingi

Mapunye

Mapunye, ambayo pia huitwa mashilingi, ni ugonjwa wa kuvu unaowapata hasa watoto wa umri wa kwenda shule. Huonekana kama mabaka ya mviringo yenye magamba ya kijivu, ambamo nywele zimekatika karibu na ngozi. Kuvu hao ni wa jamii za Trichophyton na Microsporum. Huenea kwa kugusana vichwa, na kwa kushirikiana vitana, kofia, taulo na vifaa vya kunyolea. Baadhi yao hutoka kwa wanyama kama paka, mbwa na ng'ombe.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kutibu mapunye kwa dawa ya kupaka peke yake. Kuvu wamo ndani ya unywele chini ya ngozi, mahali ambapo krimu haifiki. Matibabu yanayotakiwa ni vidonge au dawa ya maji ya kumeza, kama vile griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, au tabinafini kwa muda unaotegemea aina ya kuvu. Griseofulvini hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Shampuu ya kuua kuvu hutumika pamoja na vidonge ili kupunguza maambukizi kwa wengine. Vidonge vya ketokonazoli havipendekezwi tena kwa mapunye kwa kuwa vinaweza kudhuru ini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilishauri visitumike tena kwa magonjwa ya kuvu.

Mara nyingine mwili wa mtoto hupambana na kuvu kwa nguvu kiasi kwamba kichwa huota uvimbe laini unaotoa usaha, unaouma, na tezi za shingoni huvimba. Hali hiyo hufanana na jipu, lakini kuipasua hakusaidii. Inahitaji dawa ya kuvu ya kumeza bila kuchelewa, kwa sababu ikiachwa huweza kuacha kovu lisiloota nywele.

Mba

Mba wa kichwani ni magamba meupe au ya njano yanayodondoka, pamoja na mwasho. Kwa kawaida haung'oi nywele wala hauachi kovu. Hutulizwa kwa shampuu yenye ketokonazoli, seleniamu au zinki, na hurudi mara kwa mara. Mba mkali unaoenea hadi usoni, nyuma ya masikio na kifuani, hasa kwa mtu mzima ambaye hakuwa nao zamani, ni sababu ya kushauriwa kupima virusi vya UKIMWI.

Chawa

Chawa wa kichwa husababisha mwasho, hasa nyuma ya masikio na kisogoni. Mikwaruzo huweza kuingiwa na bakteria na kutoa usaha. Tiba ni dawa ya kuua chawa pamoja na kuchana kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, au kunyoa. Kumpaka mtoto mafuta ya taa ni hatari: huunguza ngozi na huweza kushika moto karibu na jiko.

Kunyonyoka baada ya ugonjwa au uzazi

Miezi 2 hadi 3 baada ya kujifungua, homa kali, malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji au msiba mzito, nywele nyingi huweza kunyonyoka kichwa kizima kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kisababishi kimekwisha kupita, mgonjwa mara nyingi haoni uhusiano wake. Katika hali nyingi nywele huacha kunyonyoka ndani ya miezi 6 na kuota tena bila dawa. Zikiendelea kunyonyoka baada ya hapo, hutafutwa upungufu wa damu, upungufu wa madini ya chuma, utapiamlo na ugonjwa wa tezi ya shingo.

Upara wa kurithi

Kwa wanaume upara huanza kwenye paji la uso na utosini. Kwa wanawake nywele hupungua katikati ya kichwa huku mstari wa mbele ukibaki. Si ugonjwa wa hatari. Dawa ya kupaka ya minoksidili hupunguza kasi yake kwa baadhi ya watu, lakini faida huondoka dawa ikiachwa. Finasteridi ni vidonge vya wanaume. Mwanamke anayeweza kupata mimba hapaswi kuvitumia kwa sababu huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Upara wa mabaka

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia vinyweleo. Baka moja au zaidi hubaki bila nywele, ngozi ikiwa laini na isiyo na magamba. Hauambukizi. Kwa watu wengi nywele huota zenyewe ndani ya mwaka mmoja, ila mabaka huweza kurudi. Kwa watoto mara nyingi huchanganywa na mapunye. Kuwepo kwa magamba na vishina vya nywele zilizokatika huelekeza kwenye mapunye.

Madhara ya kusuka na ya dawa za nywele

Kusuka kwa kukaza, rasta na nywele za bandia zinazovuta kwa uzito huondoa nywele za pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Vipele na maumivu baada ya kusuka ni onyo la mwanzo. Msuko ukilegezwa mapema nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kovu hujitokeza. Dawa za kulainisha nywele zina kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi na kufanya nywele zikatike.

Upara wenye kovu wa utosini

Huu huwapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika walio katika umri wa makamo. Huanza utosini na kupanuka polepole kama duara, mara nyingine pamoja na mwasho au hisia ya kuungua. Ni miongoni mwa maradhi ambayo mgonjwa hapaswi kusubiri, kwa kuwa kila mwezi unaopita huongeza sehemu isiyorudi.

Vivimbe vya kisogoni

Wanaume wanaonyoa nywele karibu sana na ngozi huota vipele vigumu kisogoni, ambavyo huweza kukua na kuwa vivimbe vikubwa vyenye kovu. Vikiwa vidogo hutibiwa kwa dawa za kupaka na antibiotiki, pamoja na kuacha kunyoa kwa wembe. Vikikua huhitaji sindano za dawa ndani ya kivimbe au upasuaji.

Nywele kama dalili ya ugonjwa mwingine

Kaswende ya hatua ya pili huweza kuondoa nywele kwa vibaka vidogo vingi, kichwa kikaonekana kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Kipimo chake ni cha damu, na dawa yake ni penisilini. Lupasi huweza kuacha makovu meusi au meupe kichwani, usoni na masikioni. Kwa mtoto mdogo, nywele zilizopoteza weusi na kuwa laini, zinazong'oka bila maumivu, pamoja na miguu iliyovimba, ni dalili za kwashakoo. Huyo ni mgonjwa wa kuwahishwa hospitali kwa ajili ya lishe, wala si wa kliniki ya ngozi.

Ukoma huweza kuondoa nyusi. Mtu mwenye nyusi zinazopotea na baka la ngozi lisilo na hisia anapaswa kupelekwa kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na dawa za ukoma hutolewa bila malipo.

Wataalamu na kazi zao

Afisa tabibu ndiye anayekutana na wagonjwa wengi katika zahanati na vituo vya afya. Anaweza kutambua na kutibu mapunye, mba, chawa, majipu na mikwaruzo iliyoingiwa na bakteria, na anaweza kuagiza vipimo vya virusi vya UKIMWI, kaswende na wingi wa damu.

Daktari wa hospitali ya wilaya hushughulikia wagonjwa walioshindikana katika ngazi ya chini. Maabara ya hospitali ya namna hiyo inaweza kupima mapunye: magamba na vishina vya nywele huwekwa katika tone la potasiamu haidroksidi na kutazamwa kwa hadubini. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya gharama kubwa.

Afisa wa magonjwa ya ngozi ni afisa tabibu au mtaalamu wa kada inayokaribiana naye aliyesomea stashahada ya juu ya magonjwa ya ngozi na ya zinaa. Kozi hiyo ya miaka 2 hutolewa katika Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichopo katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Tanzania na taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi, kwa lengo la kuwapatia watu wa vijijini huduma ya ngozi bila kusubiri wapatikane mabingwa wa kutosha. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mahali anapopatikana mhitimu wa kozi hiyo, magonjwa mengi ya nywele huweza kumalizikia hapo.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi ni daktari aliyeongeza shahada ya uzamili katika fani hiyo. Ndiye mtaalamu mkuu wa nywele na ngozi ya kichwa. Kazi zinazomhitaji zaidi ni upara wenye kovu, lupasi ya ngozi, upara wa mabaka ulioenea, uvimbe unaotiliwa shaka, na kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya uchunguzi.

Wataalamu wengine huhitajika kulingana na chanzo. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani hutibu tezi ya shingo, kisukari na lupasi iliyoingia viungo vingine. Daktari wa watoto hushughulikia utapiamlo. Daktari wa upasuaji huondoa vivimbe na saratani. Mtaalamu wa afya ya akili humsaidia mtu anayejing'oa nywele mwenyewe bila kuweza kujizuia.

Mtaalamu wa nywele asiye daktari, yaani mtu aliyesomea trikolojia, huweza kushauri juu ya usafi na utunzaji. Fani hiyo ina chimbuko lake Uingereza, ambako chama chake cha kwanza kiliundwa London mwaka 1902. Cheti chake peke yake si leseni ya udaktari. Vivyo hivyo msusi, kinyozi na muuzaji wa vipodozi si watabibu, ingawa mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona baka ambalo mwenyewe halioni.

Muuzaji wa duka la dawa muhimu ameruhusiwa kuuza dawa zilizoorodheshwa, lakini hachukui nafasi ya mtu wa kuchunguza ugonjwa. Krimu zenye steroidi kali zinazonunuliwa bila cheti cha daktari hupunguza wekundu na mwasho wa kuvu kwa siku chache huku kuvu wenyewe wakienea, na humfanya hata bingwa ashindwe kuutambua ugonjwa kwa macho.

Ngazi za rufaa

Mfumo wa afya wa Tanzania hupanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hospitali ya taifa. Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba. Hospitali za kanda zilizo karibu ni Bugando jijini Mwanza, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato katika mkoa wa Geita. Chato ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo kabla ya kuwa wilaya kamili, na kwa wakazi wengi wa Biharamulo ni karibu kuliko Bukoba. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Dar es Salaam.

Safari ya Mwanza kupitia Geita na Sengerema ilikuwa ikitegemea kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa hapo Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na foleni ya kivuko ikaondoka katika hesabu ya msafiri.

Barua ya rufaa ina faida mbili. Kwanza, mgonjwa mwenye bima hutakiwa kufuata ngazi ili gharama zake zilipwe. Anayeruka ngazi huweza kulazimika kulipa mwenyewe. Pili, barua hiyo hueleza dawa zilizokwisha kutumika na majibu ya vipimo, hivyo bingwa haanzi upya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

Kliniki za mabingwa kwa kawaida huwa na siku maalumu katika wiki. Mgonjwa anayetoka Ngara akifika Bukoba au Mwanza siku isiyo ya kliniki hulazimika kulala au kurudi bila kuonwa. Simu moja kwa hospitali husika, au kupitia kwa daktari anayeandika rufaa, huokoa nauli. Mara nyingine mabingwa hutembelea hospitali za wilaya kwa kambi za matibabu, na matangazo yake hutolewa kupitia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

Namna ya kuchagua

Hali zinazoweza kuanzia na mara nyingi kumalizikia zahanati au kituo cha afya:
- mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika;
- mba, mwasho wa kawaida na chawa;
- vipele vidogo vya usaha baada ya kunyoa au kusuka;
- nywele kunyonyoka kichwa kizima miezi michache baada ya uzazi au homa.

Hali zinazohitaji hospitali ya wilaya:
- mapunye yasiyoonyesha nafuu baada ya wiki 6 hadi 8 za dawa ya kumeza iliyotumika sawasawa;
- uvimbe wa usaha kichwani mwa mtoto wenye homa au tezi zilizovimba;
- nywele kunyonyoka pamoja na uchovu, kupungua uzito, uvimbe wa shingo au hedhi iliyobadilika;
- mabaka kwa mtu mzima, yakiambatana na vipele mwilini au viganjani.

Hali zinazohitaji daktari bingwa wa ngozi mapema:
- sehemu iliyopoteza nywele na kuwa laini, yenye kung'aa, bila vitundu;
- upara unaopanuka kutoka utosini pamoja na maumivu au kuungua;
- makovu yenye rangi iliyobadilika kichwani, usoni au masikioni;
- kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi mmoja, hasa kwa mtu mwenye ualbino;
- upara wa mabaka unaoenea haraka hadi kwenye nyusi na kope.

Upara wa kurithi hauhitaji rufaa ya haraka. Anayetaka dawa anaweza kumwona daktari wa hospitali ya wilaya, na kuijua mapema gharama ya kila mwezi, kwa kuwa ni tiba ya miaka.

Maandalizi kabla ya kumwona mtaalamu

Mgonjwa hufumua misuko na kuondoa nywele za bandia kabla ya siku ya kliniki, kwani ngozi isiyoonekana haiwezi kuchunguzwa. Hapaki mafuta wala rangi siku hiyo. Mtoto mwenye mapunye asinyolewe kipara siku chache kabla ya kipimo, maana vishina vya nywele ndivyo vinavyohitajika maabara.

Dawa zote zilizotumika hupelekwa na makopo au maboksi yake, zikiwemo za asili na vipodozi. Picha za simu zinazoonyesha kichwa kwa miezi iliyopita, zenye tarehe, humsaidia daktari kuona kasi ya ugonjwa. Ni vizuri pia kukumbuka lini ulianza, nani mwingine nyumbani anao, na kama kuna ndugu wenye upara.

Maswali yanayofaa kuulizwa ni: Ugonjwa huu unaitwaje? Je, unaacha kovu? Kipimo gani kinathibitisha? Dawa itumike kwa muda gani kabla ya kusema imeshindwa? Watoto wengine nyumbani watibiwe pia? Nywele hukua polepole, hivyo matokeo ya tiba nyingi hayapimwi kabla ya miezi 3.

Uhalali wa mtoa huduma

Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama anayemtibu amesajiliwa na kwa fani gani. Waganga wa tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vipodozi, vikiwemo mafuta na dawa za kulainisha nywele, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019.

Dalili za kumtilia mtu shaka ni kuahidi kuotesha nywele kwa siku chache, kutibu bila kukichunguza kichwa, kuuza dawa isiyo na jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi, na kudai malipo yote kabla ya kutaja ugonjwa.

Watu wenye ualbino

Kwa watu wenye ualbino, ngozi ya kichwa ni sehemu inayoungua kwa jua haraka, hasa mahali nywele zilipopungua au kunyolewa. Saratani ya ngozi huanza kama gamba gumu au kidonda kidogo kinachotoka damu na kukataa kupona. Ikiondolewa mapema hupona. Ikichelewa huingia kwenye fuvu.

Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua ni kinga ya kila siku, hata wakati wa mawingu. Mafuta hayo hutengenezwa pia katika kituo cha ngozi cha Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino nchini. Uchunguzi wa ngozi unapendekezwa angalau kila miezi 6, na kidonda cha kichwani hakipaswi kutibiwa kwa krimu za dukani.

Shuleni na kwa vinyozi

Mwanafunzi mwenye mapunye hana sababu ya kufukuzwa shule. Akishaanza dawa ya kumeza na shampuu anaweza kuendelea na masomo, huku akitumia kitana na kofia zake mwenyewe. Kuwachunguza watoto wote wa nyumba moja hufaa kuliko kumtibu mmoja, kwa sababu asiye na dalili huweza kumwambukiza tena aliyepona. Kejeli za wenzake humwumiza mtoto kuliko mwasho wenyewe, na maelezo mafupi ya mwalimu kwamba ugonjwa una dawa huondoa nusu ya tatizo.

Mashine ya kunyolea husafishwa kwa brashi na spiriti baada ya kila mteja. Wembe hautumiwi kwa zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa damu kidogo inayobaki huweza kupitisha virusi vya homa ya ini B na virusi vya UKIMWI.

Tazama pia
- Mapunye
- Mba
- Upara
- Ualbino
- Ukoma
- Hospitali ya Bugando
- Wilaya ya Ngara
- Wilaya ya Biharamulo